Somo: Kumpa usingizi mgonjwa wa Marfan au Ehlers-Danlos

Wenzangu wa thieta (chumba cha upasuaji) katika hospitali za Ndanda, Nyangao, Ligula na Sokoine, Marfan na Ehlers-Danlos ni magonjwa ya kurithi yanayodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, na wagonjwa hawa hawaji na barua ya utambuzi. Wanakuja na ngiri.

1. Mtazame kabla hujamlaza. Foleni ya ngiri na busha kwetu ni ndefu, ndiyo maana wanatupita. Shtuka ukiona ngiri iliyotokea tena ingawa ilishonwa vizuri, makovu mapana yaliyokunjamana, bega linaloteguka ovyo, au kijana mrefu mwembamba. Mwambie alaze dole gumba kiganjani, afumbe ngumi juu yake. Ncha ikichomoza upande wa pili, uliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla angali kijana.

2. Ukishuku Marfan, aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) ndiyo hofu yako, maana hupanuka na inaweza kuchanika. Tafuta eko (kipimo cha moyo kwa ultrasound) kwanza. Dawa za kutuliza moyo kama atenololi asiziache, hata asubuhi ya upasuaji. Dawa ya usingizi ya ketamini ndiyo inayotuponza: tumeizoea mno, lakini inapandisha presha na mapigo. Kumlaza tumia propofoli polepole, na fentanili, dawa kali ya maumivu, kabla ya kuingiza tyubu ya kupumulia. Mashine isukume hewa kwa shinikizo dogo, mapafu yao hupasuka upesi.

3. Ehlers-Danlos: tyubu ifunge kwa utepe wa kitambaa, plasta inaondoka na ngozi. Taya na shingo usilazimishe. Ikiwa ni aina inayodhoofisha mishipa ya damu, achana na sindano za msuli, na damu iwe tayari benki.

MASWALI

Shikamoo dokta. Huku wilayani spaino (ganzi ya mgongoni) ndiyo kila kitu. Niiache?
— Marahaba. Si marufuku, ila wengi wenye Marfan mfuko wa uti wa mgongo umepanuka chini, dawa inaweza kushika nusunusu. Andaa njia ya pili kabla hujachoma. Ehlers-Danlos ya mishipa, hapo iache.

Kaka, mgonjwa analalamika ganzi ya lignokaini imeisha wakati bado nashona. Anadeka?
— Hadeki, kwa Ehlers-Danlos ganzi huisha mapema. Ongeza kidogo, jumla isivuke miligramu 3 kwa kilo kama haina adrenalini. Nyuzi nazo ziache karibu mara mbili ya siku za kawaida.

Mzee anataka afanyiwe kabla ya msimu wa korosho, eko hadi asafiri.
— Ngiri inayorudi ndani ukiisukuma inasubiri, asafiri. Ikinyongwa (imebanwa, damu haiifikii), ingia usiku huohuo, na ihesabu aota yake kuwa imepanuka.