Namna ya Kumhudumia Asiye na Fahamu Bila Kumwongezea Maumivu
Mgonjwa aliyezimia kabisa hatambui maumivu kama sisi tulio macho, lakini neva zake huendelea kupeleka taarifa za jeraha. Na kwa kuwa fahamu hupungua kwa viwango, ambavyo kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichoanzishwa mwaka 1974, huvihesabu kuanzia 3 (hana fahamu kabisa) hadi 15 (yu macho kabisa), naona ni utu kumchukulia kuwa anahisi. Kabla ya kumgeuza kitandani, mwite kwa jina na umweleze unalotaka kufanya. Mtazame usoni: paji likikunjamana, taya zikikazana au vidole vikikamata shuka, acha kwanza, kisha umwarifu muuguzi ili dawa ya kutuliza maumivu ifikiriwe. Usimfinye kumjaribu, hiyo ni kazi ya wahudumu waliofunzwa.