Somo: Kupima, kushusha na kubadilisha giaboksi ya gari dogo nyumbani

Miaka kadhaa iliyopita nilishusha giaboksi ya Corolla yangu hapa Ipuli, Tabora, nikapandisha nyingine iliyokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na nilipowasha gari gia ya kwanza ikagoma vilevile kama ilivyokuwa ikigoma awali. Fundi aliyenishauri aliisikiliza gari kwa dakika mbili tu, akatamka kwamba giaboksi imekufa, nami nikamwamini. Ugonjwa ulikuwa kwenye silinda ya chini ya klachi, kifaa kidogo kinachofungwa kwa bolti mbili, ambacho kilikuwa kinavuja taratibu ndani ya mpira wake wa vumbi. Kwa sababu hiyo somo hili litatumia maneno mengi kwenye kupima kabla halijafika kwenye spana.

Ninachoeleza kinahusu magari madogo yanayovuta kwa magurudumu ya mbele na yenye gia za kuingiza kwa mkono, mfano wake Corolla za miaka ya 1990 ambazo bado ni nyingi mitaani kwetu. Magari ya otomatiki nimeyagusa kwenye maswali ya wanachama wa kikundi chetu, mwishoni mwa somo.

Hatua ya kwanza: kupima

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, kisha ingiza gia zote moja baada ya nyingine pamoja na rivasi. Kama zote zinaingia bila ubishi injini ikiwa imezimwa, lakini zinagoma au zinakwaruza injini ikiwa inanguruma, mara nyingi giaboksi haina hatia, bali klachi haiachii. Fungua boneti utazame kiwango cha mafuta kwenye kikopo cha klachi, fuata bomba lake mpaka kwenye silinda ya chini, kisha funua mpira wa vumbi. Ukiukuta umelowa, umeupata ugonjwa. Kama klachi ni ya waya, tazama kama waya umelegea au umeanza kukatika nyuzi.

Gia zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, usikimbilie giaboksi bado. Mwombe mtu atikise mkono wa gia ndani ya gari huku wewe umeinama kwenye injini. Mkono ukitembea lakini kile kishikio kilicho juu ya giaboksi hakitembei, au kinatembea nusu tu, tatizo ni waya za gia au vibushi vyake vya plastiki, ambavyo vumbi la barabara zetu huvila haraka.

Kipimo cha klachi inayoteleza ni rahisi. Vuta breki ya mkono, ingiza gia ya nne gari likiwa limesimama, ongeza moto kidogo, kisha achia klachi taratibu. Injini inapaswa kuzima. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, diski ya klachi imekwisha. Usirudie kipimo hiki mara nyingi, kwa maana kila mara unaichoma diski.

Sasa sikiliza, na hapa usiwe na haraka. Weka gari frii, injini ikiwa silensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyaga mafuta. Kama unasikia mlio wa kusaga ambao unapotea unapokanyaga klachi, beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi imechakaa. Kama ni kinyume chake, yaani kimya hukaa mpaka unapokanyaga ndipo mlio unaanza, hiyo ni rilizi beringi, ambayo ni sehemu ya klachi na wala si ya giaboksi, ingawa kuifikia kunahitaji giaboksi ishushwe. Mlio unaotoka kwenye gia moja tu unapotembea unaashiria meno ya gia hiyo. Mvumo unaosikika kwenye gia zote na kupanda kwa kadiri mwendo unavyoongezeka unaashiria beringi za mwishoni, upande wa difu, yaani sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Mlio wa tak-tak unapokata kona huku unakanyaga mafuta ni jointi ya shafti ya gurudumu, na watu wengi wameuziwa giaboksi kwa ajili ya jointi hiyo.

Gia inayoruka yenyewe na kurudi frii huwa ni dalili mbaya ya ndani, lakini tazama kwanza mauntingi, yaani mipira inayoshikilia injini na giaboksi kwenye bodi. Mauntingi iliyokatika huiacha injini ikirukaruka, nayo huvuta waya za gia mpaka gia itoke.

Kipimo cha mwisho ni oili. Fungua kwanza bolti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukianza na ya chini kisha ya juu ikakataa kufunguka, utakuwa na gari lisilo na oili na lisiloweza kutiwa oili. Masizi laini ya kijivu kwenye sumaku ya bolti ni jambo la kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu linatoka kwenye pete za sinkro, zile zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi, na hapo ndipo nami nakubali kwamba giaboksi imekwisha.

Sinkro ya gia moja, hasa ya pili, ikikwaruza kidogo, mimi singeshusha kitu. Gari linaweza kutembea muda mrefu likiendeshwa kwa subira.

Hatua ya pili: kuipata giaboksi nyingine

Kufungua giaboksi na kubadilisha beringi za ndani kunahitaji mashine ya kukandamiza na vifaa vya kuvutia, kwa hiyo nyumbani tunabadilisha giaboksi nzima. Soma kibati kilichopigwa muhuri kwenye gari lako. Magari ya Toyota huandikwa namba ya giaboksi hapo, kwa mfano C50. Namba ifanane. Kabla ya kulipa, zungusha shafti kwa mkono usikilize, itikise uone kama ina mchezo mkubwa, ingiza kila gia, kisha hesabu michirizi ya shafti (meno yanayoingia kwenye tundu la diski) ulinganishe na diski yako.

Hatua ya tatu: kuinua gari

Ardhi ya viwanja vingi vya Tabora ni mchanga, na jeki huzama upande mmoja bila kuaga. Mimi huweka vipande vya mbao nene za mninga chini ya jeki na chini ya kila stendi. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na usitumie matofali, kwa kuwa tofali hupasuka ghafla. Ukiisha kuliweka kwenye stendi, lisukume kwa nguvu kutoka pembeni. Kama litaanguka, lianguke ukiwa umesimama nje. Wenye miembe uani wafanye kazi hii mbali na kivuli cha mwembe msimu wa embe, nami nina nundu ya kuthibitisha.

Hatua ya nne: kushusha

Legeza nati ya katikati ya gurudumu, ambayo kwenye Corolla nyingi ni ya spana namba 30, gurudumu likiwa bado chini. Inua gari. Ondoa waya hasi ya betri, kisha betri na kitako chake, nyumba ya filta ya hewa, waya za gia, waya wa spidi, soketi ya taa za rivasi na starta. Silinda ya chini ya klachi ifunguliwe bolti zake tu na kuning'inizwa kwa waya bila kukata bomba. Tangu hapo mtu yeyote asikanyage klachi. Mwaga oili, tenganisha boli jointi za chini na uzitoe shafti zote mbili.

Injini ibebwe kwa jeki na ubao chini ya sampu, lile bakuli la oili la injini, kabla ya kufungua mauntingi. Bolti zinazoifunga giaboksi kwenye injini hazina urefu sawa, hivyo chora umbo lake kwenye boksi la karatasi na uichomeke kila bolti mahali pake. Giaboksi ina uzito wa kilo 30 na zaidi. Iwe na jeki yake na mtu wa pili. Ivute ikiwa imenyooka, na usiiache ining'inie kwa shafti yake.

Ikiwa chini, badilisha diski, presha pleti (sahani inayoikandamiza diski) na rilizi beringi kwa pamoja, na utazame sili ya nyuma ya injini. Kuzirudisha kuukuu ili kuokoa fedha ni kujipangia kuishusha tena.

Hatua ya tano: kupandisha

Lenga diski katikati kwa kijiti kilichozungushiwa utepe mpaka kibane vizuri, kaza presha pleti kidogokidogo kwa kupishana, kisha paka grisi kidogo sana kwenye michirizi ya shafti. Giaboksi inapaswa kujifunga mpaka mwisho kwa kusukumwa na mikono. Rudisha vilivyobaki kwa kufuata njia uliyotokea, kisha jaza oili ya GL-4 ya 75W-90 mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari likiwa tambarare. Kwa C50 lita 2 zinatosha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Urambo: Shikamoo fundi. Gari langu linakwaruza rivasi tu, gia nyingine hazina tatizo. Nianze kutafuta giaboksi?

Jibu: Marahaba. Hapana. Giaboksi nyingi hazina sinkro kwenye rivasi. Kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu, pitia gia ya kwanza ndipo uingize rivasi. Ikiendelea kukwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri.

Mwanachama wa Nzega: Nimepandisha, lakini imebaki nafasi ya kidole kati ya giaboksi na injini. Nimeanza kuivuta kwa kukaza bolti.

Jibu: Acha sasa hivi, ndugu yangu. Diski haijakaa katikati au pini za kulenga hazijaingia, na bolti zitapasua masikio ya giaboksi au kupinda diski. Ingiza gia ya nne, mtu azungushe puli ya krenki ya injini taratibu kwa spana huku wewe unasukuma. Ikikataa, ishushe uilenge diski upya.

Mwanachama wa Kigoma: Mimi nina Noah ya otomatiki, inapiga resi bila kuvuta kwenye mlima wa kwenda Mwanga. Somo hili linanihusu?

Jibu: Kupima kwako ni tofauti. Injini ikiwa ya moto na silensa, chomoa kijiti cha oili ya giaboksi: kiwango kikiwa chini, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu aina hazichanganywi ovyo; na oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeungua. Ukifika kwenye kupandisha, hakikisha toki konveta, lile duara linalokaa mahali pa klachi kwenye otomatiki, imezama mpaka mwisho kwenye pampu kabla ya kukaza bolti, la sivyo utaivunja pampu siku hiyohiyo. Na gari hilo lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini.

Mwanachama wa Isevya: Kazi hii inachukua muda gani, na oili chakavu niipeleke wapi? Uani kwetu tuna kisima.

Jibu: Dada, kwa watu wawili wanaofanya mara ya kwanza, tenga siku mbili, ya kwanza ikiishia kwenye kushusha. Oili ichuje kwenye dumu lenye kifuniko, usiimwage uani hata kidogo, kisha uwaulize wenye gereji au mashine za kupasua mbao. Wengi huihitaji kwa minyororo.