Ukitaka kuongeza watoto kituoni, anza na choo

Hapa Kihonda, Morogoro, tunalea watoto 38. Miaka mitatu iliyopita walikuwa 14, sebuleni kwangu, na karibu kila Jumatatu nilimrudisha mama mmoja mlangoni na mwanawe mgongoni. Najua alikokwenda baada ya hapo: mtoto alibaki na dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Ndiyo maana naandika haya kwa walezi wenzangu mnaotaka kupanua kwa mkopo wa halmashauri.

Mkopo wenyewe ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Lakini usikimbilie fomu. Nenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, kwa sababu kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kiwe na usajili chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na ni vigumu kuomba fedha za kukuza kitu ambacho serikali haikitambui. Sisi alikuja na afisa afya. Michoro yetu ya ukutani waliipita tu, wakaenda moja kwa moja chooni. Tundu letu lilikuwa la watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuchuchumaa pale bila kushikwa mikono. Tulijenga matundu mawili madogo na sehemu ya kunawia iliyo chini, kwa michango yetu, kabla ya kuomba hata shilingi moja. Usajili ukatoka.

Kisha kikundi, maana mwanamke mmoja peke yake hapewi. Sisi tuko watano: mimi, walezi wawili, na mama lishe wawili wenye watoto hapa. Hao mama lishe ndio walioniokoa, kwa kuwa wao wanajua kudai fedha kwa upole. Katiba tuliiazima kwa kikundi cha wafuga kuku tukabadilisha jina, ikarudishwa, na ilistahili kurudishwa. Andikeni yenu. Jambo linalosahaulika sana ni hili: banda la kikundi likijengwa kwenye kiwanja cha mwanachama mmoja, ni la nani wakigombana? Kiwanja ni changu, hivyo tuliandikiana mkataba wa pango kati yangu na kikundi, mbele ya mtendaji wa mtaa. Nilipojiweka kwenye nafasi ya wenzangu niliona bila karatasi ile walikuwa wanajenga nyumba yangu.

Karatasi zinapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Peleka mihtasari ya vikao, namba za NIDA na akaunti ya benki ya kikundi, na uombe akupitishe kwenye usajili wa mtandaoni kama mikono yako haijazoea.

Kwenye andiko la mradi, piga hesabu ya marejesho kwa watoto wanaokuja, usitumie idadi ya walioandikishwa. Chukua daftari la mahudhurio la mwaka mzima. Letu lilionyesha Desemba nusu ya watoto wanapelekwa kwa bibi zao, na wazazi wengi hulipa kwa siku. Tungeahidi kwa hesabu ya Februari, Krismasi ingetukuta na deni. Tuliomba pungufu ya tulichotamani: bati, sakafu, magodoro na jiko la uji. Eleza pia mradi unagusa nini katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyoanza 2021, yaani afya, lishe, ujifunzaji, malezi yenye mwitikio (kumsikiliza mtoto na kumjibu anapokuhitaji), ulinzi. Sisi uji wa saa nne tuliuweka kwenye lishe, na geti tukaliweka kwenye ulinzi.

Neno moja kuhusu wenye miaka mitano: usiwazuie ili kujaza idadi. Darasa la awali kwenye shule ya serikali halina ada tangu 2016, na nafasi anayoiacha mmoja wao inamtosha mdogo anayesubiri. Januari hii waliondoka sita. Wiki hiyohiyo nikapigia simu akina mama sita niliokuwa nimewaandika kwenye daftari langu la mlangoni, wa kwanza akiwa muuza vitumbua anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri.