Kusoma Uchumi na Kijerumani kwa Pamoja Chuo Kikuu

Kabla ya kuomba nafasi, lisome jina la kozi kwa makini. Volkswirtschaftslehre, kwa kifupi VWL, ndiyo uchumi wenyewe: bei, ajira, sera za nchi. Betriebswirtschaftslehre, au BWL, ni uendeshaji wa kampuni.

Mwaka wa kwanza kinachoangusha wengi ni hisabati. Kalkulasi na takwimu hupanda ngazi kwa ngazi, na ukiruka wiki mbili huelewi tena mhadhara. Zitengee vipindi vya saa 2, kalamu mkononi. Kijerumani kipe dakika 40 kila siku. Msamiati unaokesha nao usiku mmoja hupotea upesi.

Andika kila nomino na jinsia yake: die Nachfrage (mahitaji), das Angebot (ugavi), der Zins (riba). Neno refu lianzie mwisho. Kiswahili hutanguliza kiini, "kiwango cha ukosefu wa ajira", lakini Kijerumani hukiweka nyuma: Arbeitslosenquote ni aina ya Quote, kwa hiyo ni die. Bruttoinlandsprodukt, pato la taifa la ndani, huishia na Produkt, kwa hiyo ni das.

Tarakimu ndizo zenye mitego mibaya zaidi, na hazizungumzwi vya kutosha. Milliarde ni bilioni yetu. Billion yao ni trilioni. Ukikosea hapo, deni la nchi linazidi au kupungua mara elfu. 1.500 ni elfu moja na mia tano, ilhali 1,5 ni moja na nusu. Fünfundzwanzig hutamkwa "tano na ishirini", hivyo unaposikiliza mhadhara subiri neno liishe ndipo uandike. Kisha kuna um na auf. Riba ikiwa asilimia 2 na ikapanda "um 3 Prozentpunkte", imefika 5. Ikipanda "auf 3 Prozent", imefika 3 tu.

Magazeti yakiandika "die Inflation sinke" badala ya "sinkt", yananukuu kauli ya mtu bila kuithibitisha. Usiitumie katika insha kama jambo lililokwisha kuhakikishwa.

Kwa kusoma, anza na taarifa ya kila mwezi ya Statistisches Bundesamt, ofisi ya takwimu ya Ujerumani, kuhusu bei za walaji. Ni fupi, na muundo wake haubadiliki sana, hivyo mwezi wa tatu utajikuta unasoma bila kamusi.

Ukienda Ujerumani kwa muhula, kozi zinazofundishwa kwa Kijerumani mara nyingi hudai mtihani wa Kijerumani: TestDaF ngazi ya 4 katika sehemu zote nne, au DSH-2. Kwenye vyuo vikuu vingi muhula wa baridi huanza 1 Oktoba na kwisha 31 Machi, na mitihani mingi huangukia Februari. Kama chuo chako hufungua muhula wa pili Januari, tarehe zitagongana. Chagua muhula wa kiangazi unaoanza 1 Aprili, au mwaka mzima. Alama bora ni 1,0, ya chini ya kufaulu ni 4,0, na 5,0 ni kufeli. Kabla ya kuondoka, idara yako ikubali kwa maandishi kila somo utakalochukua huko, hasa ikonometriki (takwimu zinazotumika katika uchumi), ili usilazimike kulirudia.