Land Rover 109 yenye injini ya Toyota inachemsha? Tafuta chanzo kabla ya kufungua silinda hedi

Juzi nilimsaidia jamaa wa Tabata mwenye Land Rover 109 Series III iliyofungwa injini ya Toyota 3L, ile dizeli ya cc 2779 inayopatikana kwenye Hilux na Hiace. Fundi wa kwanza alimwambia gasketi ya hedi imeungua. Wa pili akasema rejeta ni ndogo, anunue nyingine. Hakuna aliyemuuliza swali la msingi: linachemsha wapi na wakati gani?

Injini iliyokuwa nzima kwenye Hilux haianzi kuchemsha kwa sababu tu imehamia kwenye Land Rover. Kinachobadilika ni vitu vinavyoizunguka: feni, hosipaipu, mfuniko wa rejeta, sensa na njia ya maji. Anza kutafuta pale vifaa vya Mwingereza vinapokutana na vya Mjapani. Utaratibu huu unafaa pia kwa Peugeot 504, Datsun au gari lolote la zamani lililobadilishwa injini.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kweli linachemsha

Geji ya dashibodi ni ya Land Rover, sensa iliyo kwenye injini ni ya Toyota. Ukinzani wake haufanani, kwa hiyo mshale unaweza kukaa kwenye nyekundu wakati injini iko sawa kabisa, au ukakaa katikati wakati injini inaungua.

Kuna jambo jingine la Series III ambalo wengi hawalijui. Nyuma ya dashibodi kuna kifaa kidogo kinachoshusha umeme hadi volti 10 kwa ajili ya geji ya joto na ya mafuta. Kikikosa ethi nzuri (muunganiko wake na bodi ya gari), geji zote mbili zinapanda kwa pamoja. Ukiona joto limepanda na papo hapo geji ya mafuta inasema tenki limejaa wakati unajua halijajaa, acha injini, kasafishe hiyo ethi.

Pima kwa bunduki ya kupimia joto, lakini siyo ile ya kupimia watu homa mlangoni. Ile haifiki popote kwenye joto la injini. Chukua ya viwandani. Ielekeze kwenye chuma cha hauzingi (kasha) ya themostati, kile kivalvu kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta, siyo kwenye hosipaipu. Aluminiamu inayong'aa hudanganya bunduki na kusoma chini, kwa hiyo bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme na upime hapo. Kwa matumizi ya kila siku napendelea geji ya mrija, ile inayokuja na sensa yake na haihitaji umeme. Ifunge, sahau geji ya zamani.

Nyuzi 82 hadi 95 ni kawaida. Ukifika 105, simama.

Hatua ya 2: Linachemsha wapi?

Liingize foleni ya Buguruni au Tazara saa nane mchana. Kisha siku nyingine lipeleke Morogoro Road mpaka Kibaha kwa mwendo wa 80 bila kusimamasimama.

Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukitembea, shida ni upepo. Likiwa sawa kwenye foleni na kuchemsha barabara ndefu au mlimani, shida ni mzunguko wa maji. Likipanda haraka asubuhi kabla hata hujatoka mtaani, ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 3: Upepo

Washa gari, weka karatasi mbele ya rejeta. Feni ikivuta vizuri, karatasi inanasa palepale. Ikisukumwa mbele, feni ya umeme imeunganishwa waya kinyume au panga zimegeuzwa. Hili hutokea sana kwenye gari lililobadilishwa injini, na feni inaonekana inazunguka kama kawaida.

Angalia kava ya feni. Injini ikikaa nyuma zaidi kuliko ile ya zamani, feni inabaki mbali na rejeta na inazungusha hewa ileile ya moto chini ya boneti. Tengeneza kava ya bati inayofunika rejeta yote, panga za feni ziwe nusu ndani nusu nje. Kama una klachi ya feni, injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi bila kukaza, klachi imekufa.

Taa za ziada zilizojazwa mbele ya grili, toa.

Hatua ya 4: Hosipaipu ya chini

Mwambie mtu akupigie resi injini ikiwa ya moto, wewe tazama hosipaipu ya chini. Pampu huvuta maji kupitia hapo, na mpira laini usio na springi ndani hujikunja na kuziba. Injini ikiwa silensa (bila kukanyaga mafuta) hutaona kitu. Pia toa vile vipande vya bomba la chuma vilivyounganishia mpira wa Land Rover na mdomo wa Toyota kama vimeshika kutu. Kutu yote hiyo inaishia kwenye rejeta.

Hatua ya 5: Themostati

Hapa ndipo gari la yule jamaa liliponikalisha hadi jioni, na ndipo magari mengi ya Dar yanapoharibiwa kwa nia njema.

Utasikia: "Huku kwetu joto, toa themostati, hiyo ni ya nchi za baridi." Sikubaliani hata kidogo. Themostati nyingi za Toyota zina sahani mbili. Ya juu hufungua maji yaende kwenye rejeta. Ya chini, iliyoshikwa na kispringi kidogo, ina kazi yake: maji yakipata moto inashuka na kuziba njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia hiyo fupi inabaki wazi muda wote. Maji hufuata njia nyepesi. Sehemu kubwa inazunguka ndani ya injini na moto wake uleule, rejeta inapata kidogo. Dalili yake ni hii: hauzingi inasoma 105, lakini ukipima chini ya rejeta ni vuguvugu tu. Mtu akiona hivyo anasema rejeta imeziba, anaipeleka kuchomwa, inarudi, gari linachemsha tena.

Wengine wakishajua hilo wanaziba njia fupi kwa bolti. Usifanye. Kabla themostati haijafunguka, maji lazima yawe na pa kuzunguka, la sivyo hedi inapata moto sehemu moja na themostati inachelewa kufunguka kwa sababu maji ya moto hayaifikii.

Halafu kuna themostati ya sahani moja. Inaingia palepale, inakaa vizuri, na muuzaji atakuapia kuwa ndiyo yenyewe. Ukienda kununua vipuri mtaa wa Gerezani nenda na ya zamani mkononi, uzilinganishe urefu na kipenyo cha sahani ya chini. Uwe makini zaidi kama injini ilikuja bila hauzingi yake ikafungiwa ya injini nyingine: kina kikizidi hata kidogo, sahani ya chini haifiki kwenye tundu lake na ni sawa na kutokuwa nayo.

Kuijaribu ni rahisi. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na uweke kipima joto pembeni. Chemsha polepole. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82, ndiyo inapoanza kufunguka. Kwenye 95 hivi iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikifunguka ghafla karibu na kuchemka kwa maji, tupa, hata kama ni mpya.

Wakati wa kufunga, kile kipini kidogo kinachocheza kwenye sahani ya juu kikae juu kabisa. Hicho ndicho kinachopitisha hewa. Kikikaa chini, hewa inanasa nyuma ya themostati na utaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao haupo.

Na hewa yenyewe: mdomo wa rejeta lazima uwe juu kuliko sehemu ya juu kabisa ya maji kwenye injini. Baada ya kubadili injini mara nyingi hauko hivyo. Pima kwa mpira wa levo wa mafundi ujenzi, ule wenye maji ndani; usikadirie kwa macho. Kama injini iko juu, funga tangi dogo la kujazia kwenye sehemu ya juu kabisa. Wakati wa kujaza, pandisha pua ya gari kwenye mwinuko, jaza polepole, minyaminya hosipaipu ya juu, acha mfuniko wazi mpaka themostati ifunguke na povu liishe. Kama hita ilikatwa na mipira yake ikaunganishwa kwa juu, hapo ndipo hewa hujificha. Legeza klipu mpaka maji yatoke.

Maji ya kisima usiweke. Maeneo mengi ya Dar yana chumvi, na chumvi inakula rejeta na hedi. Weka kulanti na maji ya betri (yale safi ya kujazia, siyo tindikali), nusu kwa nusu.

Mfuniko nao uwe mzima. Wenye alama ya 0.9 (kipimo cha shinikizo) hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 118. Raba yake ikichanika unarudi kwenye 100. Lakini rejeta ya zamani ikaguliwe kwanza na fundi rejeta kama itahimili shinikizo hilo.

Hatua ya 6: Gasketi ya hedi

Sasa ndiyo zamu yake. Asubuhi injini ikiwa baridi, funga mfuniko, washa, shika hosipaipu ya juu. Ikikaza kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Rudia mfuniko ukiwa wazi: mapovu yasiyoisha yanayoongezeka ukipiga resi yanathibitisha. Hapo fungua hedi, na kabla ya kununua gasketi ipeleke kwa fundi wa mashine aipime kama imepinda au ina ufa.