Kutembea na viatu vya theluji porini: jasho ndo la kuogopa

Kama unaweza kutembea basi viatu vya theluji, yani zile fremu pana zinazofungwa chini ya buti, unaviweza, ila wengi wanaharibu safari kabla hata hawajaanza. Mtu anajivika majaketi mawili mazito akiwa bado parking, dakika kumi tu mgongo umelowa, akisimama kupumzika jasho linapoa na anaanza kutetemeka. Kwa hiyo anza ukiwa unasikia baridi kidogo, kabisa yani. Ndani vaa sufu au sintetiki, pamba usivae maana ikilowa haikauki haraka, juu yake kitu cha kutunza joto, halafu jaketi la kuzuia upepo. Ukihisi joto linakuja fungua zipu mapema, usisubiri ulowe.

Sasa viatu. Kazi yake ni kutawanya uzito ili usizame, kwa hiyo saizi inaenda na uzito wako pamoja na begi, sio namba ya mguu. Njia iliyokanyagwa tayari vidogo vinatosha, theluji mpya laini inataka vikubwa, na bado utazama kidogo, ni kawaida. Vinavaliwa juu ya buti zisizopitisha maji. Ile sehemu pana ya mguu nyuma ya vidole ikae pale kiatu kinapopinda, ncha ya buti isiguse fremu, vifungo vya mikanda viangalie nje, kaza mbele kwanza kisha kisigino. Ukishatembea kidogo simama ukaze tena, mikanda huwa inalegea.

Kutembea kwenyewe tanua miguu kidogo tu usije ukajikanyaga. Kupanda mlima piga ncha ya kiatu kwenye theluji mpaka upate kama ngazi, ukandamize, ndo upande, yale meno ya chuma chini yatashika. Kama viatu vina kile kichuma cha kuinua kisigino kiinue, misuli ya nyuma ya mguu inapumzika sana. Kushuka kunja magoti, hatua fupi, usiegemee mbele. Kurudi kinyumenyume usijaribu, mkia wa kiatu unachimba chini na unaanguka, we zunguka taratibu kwa duara. Fimbo mbili zenye visahani vipana zinasaidia mno, hasa kuinuka ukianguka.

Mkiwa kundi anayetangulia ndo anachoka maana anafungua njia, mpokezane. Na tafadhali msikanyage mistari ya watu wa ski, wale wanaoteleza kwa mbao ndefu, tembeeni pembeni, mkiichimba inaharibika.

Hapa naomba usome taratibu. Maporomoko ya theluji mengi yanaanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na hata ukipita chini yake yanaweza kukufikia, kwa hiyo angalia taarifa ya maporomoko ya siku hiyo kabla ya kutoka. Usisogelee sana shina la msonobari wenye matawi ya chini, chini yake kunaweza kuwa na shimo limefunikwa na theluji laini. Ziwa lililoganda zunguka. Na giza linaingia mapema, mwendo wako ni wa polepole kuliko kiangazi, panga muda wa kugeuza na ukifika geuza.

Simu weka ndani ya jaketi karibu na mwili, baridi inamaliza chaji. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, kifuniko kikiwa kimekazwa vizuri, kwa sababu maji yanaanza kuganda juu, ukiigeuza mdomo unakuta bado uko wazi.