Namna ya kumuuguza mgonjwa wa mshtuko wa moyo mwenye wasiwasi na sonona

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo anapofikishwa Bugando, Sekou Toure au hospitali nyingine ya hapa Mwanza, kwanza huangaliwa mapigo, presha na maumivu ya kifua, na ni sawa hayo yatangulie. Hata hivyo, takribani mgonjwa mmoja kati ya watano hupatwa na sonona kamili, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa kusikoisha, na wengine wengi huonyesha baadhi ya dalili zake. Sonona hiyo huongeza uwezekano wa kufariki katika kipindi kinachofuata, na ndiyo maana mwaka 2014 jopo la wataalamu wa Chama cha Moyo cha Marekani lilipendekeza ihesabiwe rasmi miongoni mwa mambo yanayohatarisha wagonjwa hawa. Basi wewe unayeuguza, hofu na huzuni ya mgonjwa wako itolee taarifa kwa uzito uleule unaoyapa maumivu ya kifua.

Siku za kwanza hutawaliwa na hofu. Mgonjwa husikiliza kila pigo la moyo wake, huogopa kulala asije asiamke, na hushtuka mashine inapolia. Hofu hiyo huupandishia mwili adrenalini, yaani homoni ya hofu, mapigo na presha hupanda, na moyo uliokwisha kujeruhiwa hulazimika kufanya kazi zaidi. Mwombe muuguzi amweleze mgonjwa mwenyewe, kwa lugha nyepesi, mashine ile inapima nini na kwa nini inalia. Tahadhari moja haina mjadala: wasiwasi mkali nao hubana kifua, hutoa jasho na kukata pumzi, kwa hiyo usijiamulie kwamba ni woga tu, mwite muuguzi kwanza, mgonjwa apimwe.

Sonona ni ngumu zaidi kuitambua. Mzee aliyezoea kusimamia mitumbwi yake pale mwalo wa Kirumba hatakuambia kwamba ana huzuni. Atasema mwili hauna nguvu, chakula hakina ladha, usingizi haupatikani, ana mawazo mengi. Kwa kuwa uchovu na kukosa usingizi huweza kuletwa na ugonjwa wenyewe, tazama pia kama anageukia ukutani wageni wanapofika, kama habari za wajukuu hazimgusi tena, au kama anasema amekuwa mzigo. Muulize waziwazi mkiwa wawili, si mbele ya ukoo mzima: “Baba, tangu uugue, umekuwa ukijisikia mnyonge au kukata tamaa? Mambo uliyoyapenda bado yanakupa raha?” Wahudumu wa afya nao huanza na maswali mawili ya namna hiyo. Akikubali unyonge au akisema raha imemtoka, daktari wa zamu ajulishwe siku hiyohiyo. Akisema ni heri afe, muulize kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha usimwache peke yake, na muuguzi aitwe mara moja.

Usimwambie ajikaze. Maneno hayo humfundisha kunyamaza, na anayenyamaza hatibiwi. Kwa maoni yangu, jambo linalopuuzwa mno ni fedha: mgonjwa hulala akihesabu bili, ada za watoto na siku ambazo mtumbwi haujaingia ziwani. Ndugu mmoja ashike mambo hayo na amweleze yalipofikia, na kama malipo yamewashinda, nendeni mapema kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Msimpe dawa za usingizi wala mitishamba kwa siri. Amitriptilini, dawa ya sonona ya miaka mingi, huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Setralini, nayo dawa ya sonona, imechunguzwa kwa wagonjwa wa moyo na kuonekana salama zaidi, ila hata hiyo huamuliwa na daktari, hasa mgonjwa anapotumia aspirini, kwa kuwa zikichanganywa huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kabla ya ruhusa, ulizeni lini ataanza kutembea, kufanya kazi na kurudia tendo la ndoa, swali ambalo wengi hulionea aibu wakaenda nalo nyumbani likiwa hofu. Anayeishi Ukerewe aombe barua ya kupeleka kituo cha afya kilicho karibu naye, na barua hiyo itaje sonona pamoja na dawa za moyo, ili aulizwe tena huko. Wapo ambao dalili hujitokeza baada ya kurudi nyumbani.